Kindi Aliyelikwepa Jembe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na shule yao, na kengele yao, na hata zamu zao za kufagia darasa, alikuwako mtoto mmoja akiitwa Kindi. Mnamjua Kindi? Yule mwenye mkia mkubwa kuliko mwili, macho hayatulii, mdomo haupumziki. Unamtazama hapa, kumbe yuko kule. Pirrr! Juu ya mti. Pirrr! Chini ya dawati.

Kindi alikuwa mdogo kuliko wote darasani, lakini alijua jambo moja ambalo mwalimu hakuwahi kuliandika ubaoni: mwenye mwili mdogo akiwa na maneno mengi, hachoki. Tembo alimbebea kuni zake akidhani anapimwa nguvu. Nyati alimfulia sare akidhani ni mashindano ya kufua. Na Kindi? Kindi alikaa kivulini akisema, "Aa, kaka Nyati, hapo kwenye kola bado hujashinda!"

Na Nyati akazidi kusugua. Fwata, fwata, fwata!

Basi mwaka ukaisha. Darasa la akina Kindi likawa linamaliza shule, na shule ile ilikuwa na desturi yake. Wanaomaliza huacha bustani. Wanalima, wanapanda, kisha wanakwenda zao. Mvua zikinyesha na mboga zikikomaa, wanaokula ni watoto wapya, wale wanaokuja wakiwa bado wanalilia mama zao.

Asubuhi hiyo Mwalimu Mbuni alisimama mbele ya mstari, shingo juu, akiwatazama wote kwa mara moja.

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Majembe mnayo?"

"Tunayooo!"

"Basi nisikilizeni. Maboga haya hamtayala ninyi. Kunde hizi hamtazila ninyi. Lakini siku mlipokuja hapa mkilia na kamasi zinawatoka, mlipewa boga la kuchemsha mkanyamaza. Nani alililima boga lile?"

Watoto wakatazamana.

"Hamjui," akasema Mwalimu Mbuni. "Na ninyi hamtajulikana. Haya, kazini!"

Wengine wakacheka, wakashika majembe. Kindi peke yake akanuna. "Nilime nisichokula?" akanong'ona. "Mimi? Thubutu!"

Mwalimu Mbuni akawagawa watatu watatu. Kindi akapangwa na Ngiri na Kifaru. Wakapewa kipande cha nyuma, karibu na kichuguu, penye udongo mgumu kama kigae.

Sasa, wanangu, kabla sijaendelea niwaambie habari za Ngiri na Kifaru, maana hao walikuwa marafiki tangu siku ya kwanza.

Kifaru alikuwa na mwili wa kutisha, lakini macho yake hayakuwa mazuri. Ubao kwake ulikuwa ukungu mtupu. Ngiri alikaa karibu naye kila siku, akimnong'oneza kila kilichoandikwa, neno kwa neno, bila kuchoka na bila kujisifu. Kifaru akisikia, anaandika. Hivyo ndivyo alivyosoma mpaka akamaliza.

Na Ngiri naye alikuwa na uso wa vinundu. Wakubwa walikuwa wakimwita Sura ya Viazi. Siku moja Kifaru aliwasogelea, akauliza kwa upole kabisa, "Jamani, Sura ya Viazi ni nani?" Jina likafa siku ileile.

Kindi aliyajua yote hayo. Alikuwa akikaa dawati la mbele yao, na masikio yake, kama mjuavyo, ni makali.

Basi wakafika kwenye kipande chao. Ngiri akasema, "Tugawane. Mimi huku, Kifaru kule, na Kindi hapa katikati."

Kindi akalitazama eneo lake. Akalipiga jembe mara moja. Ng'a! Jembe likaruka nyuma. Akaitazama mikono yake midogo, akaitazama mijitu ile miwili, akacheka moyoni.

Akamwendea Ngiri.

"Kaka Ngiri, pole na kazi."

"Nimeshapoa. Mbona hulimi?"

"Nalima. Ila kuna jambo nimelisikia, linanikaba hapa kooni. Lakini bora nisiseme."

"Jambo gani?"

"Aa, niache tu. Sipendi kugombanisha watu mimi."

"Sema, Kindi!"

Kindi akaangalia huku na huku. "Ni Kifaru. Amesema asingekuwa yeye, mpaka leo ungekuwa unaitwa Sura ya Viazi. Amesema umezoea kujificha nyuma yake. Na eti leo atakilima kipande hiki chote, wewe ukiwa bado umepiga magoti."

Ngiri akaacha kulima. Masikio yake yakalala. "Kifaru amesema hayo?"

"Usimwulize! Atakataa. Mwonyeshe kwa jembe."

Pirrr! Kindi akazunguka kichuguu, akamwendea Kifaru.

"Kaka Kifaru, una moyo wewe. Mwingine angekasirika."

"Nikasirike kwa nini?"

"Kumbe hujui? Basi tuyaache."

"Kindi."

"Ngiri amesema bila yeye wewe hujui kitu. Amesema siku akinyamaza, utabaki jiwe lililovaa sare. Na leo atamaliza kulima peke yake, uone nani mwenye akili na nani mwenye mwili."

Kifaru akainamisha kichwa polepole, pembe ikagusa udongo. Kindi alipokiona kile kichwa kilichoinama, kitu kikamchoma kidogo, kama mwiba wa mchongoma. Lakini mwiba mdogo huusikii ukiwa unacheka.

Mara, puu! Kifaru akaichoma ardhi. Puu! Puu! Mabonge yakaruka.

Kule upande wa pili, kwa-kwa-kwa-kwa! Ngiri alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa meno yake, vumbi limemfunika hata mkia hauonekani.

Kindi akapanda juu ya kichuguu, akakaa, akatoa mbegu za maboga alizopewa kupanda, akaanza kumenya. Tafu, tafu, tafu.

"Ngiri anakuja, kaka Kifaru!" Puu! Puu!

"Kifaru amevuka kisiki, kaka Ngiri!" Kwa-kwa-kwa!

Wakamaliza sehemu zao. Hawakusimama. Wakaingia sehemu ya Kindi, huyu kutoka huku, yule kutoka kule, mpaka wakakutana katikati, vichwa karibu vigongane, jasho likiwachuruzika.

"Umeona?" akasema Ngiri akihema.

"Nimeona," akasema Kifaru.

"Umeona nini wewe, na huoni?"

Ah, wanangu! Neno hilo Kindi hakumpa. Ngiri alilitoa mwenyewe, kwa hasira, na lilipotoka tu alitamani kulimeza. Lakini lilikuwa limeshafika. Kifaru akarudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Kumbe nini?"

Kifaru akageuka, akaenda zake. Ngiri akabaki amesimama kwenye udongo uliotifuliwa, meno yamejaa matope.

Mwalimu Mbuni akapita akikagua. "Loo! Kipande kigumu kuliko vyote, na ninyi ndio wa kwanza! Kindi, uliwasimamia wewe?"

"Tulishirikiana, mwalimu," akasema Kindi.

"Mpigieni makofi!"

Pa! Pa! Pa!

Jioni Kindi alimsimulia mama yake. Mama Kindi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu ana akili! Wao na miili yao, wewe na ulimi wako!" Kindi naye akacheka. Alijiambia kesho watapatana tu. Hao si ni Ngiri na Kifaru?

Kesho yake hawakupatana.

Siku za kupanda zikafika. Bustani nzima ilikuwa furaha. Tembo akileta maji, shwaa! Twiga akifukuza ndege. Pundamilia akianzisha wimbo na wengine wakiitikia:

"Tunamlimia nani?"

"Mdogo wetu!"

"Anaitwa nani?"

"Hatumjui!"

Wakacheka na kufukia mbegu kwa miguu. Lakini Ngiri alipanda upande wa kwake na Kifaru upande wa kwake. Wakati wa uji Kifaru alikwenda kuunywa nyuma ya jiko. Darasani alihama dawati, akakaa peke yake karibu na mlango, akitazama mbele pasipo kuona. Ngiri alikuwa akigeuka kumtazama, kisha akigeukia daftari lake. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze.

Kindi akajaribu kuchekesha. "Jamani, mbona mmenuna kama fisi aliyekosa mfupa?"

Hakuna aliyecheka.

Ikafika siku ya kufunga shule. Wazazi walikuja wamevaa vizuri. Mama Kifaru alikaa mbele kabisa, na benchi likalia, kwaaa! Maneno ya kuiaga shule mbele ya wazazi yalikuwa yameandikwa ubaoni kwa chaki, na Mwalimu Mbuni, asiyejua lolote la shambani, akasema, "Mwaka huu nimemchagua Kifaru atusomee. Amejitahidi sana. Karibu, Kifaru."

Kifaru akasimama. Akasogea mbele. Mama yake akatabasamu.



Kifaru akautazama ubao. Akakunja uso, akasogea, akakunja tena. Halafu akageuza kichwa kidogo tu kuelekea alipokaa Ngiri. Kidogo tu. Ngiri aliona. Mdomo wake ukafunguka. Lakini akakumbuka lile la kujificha nyuma ya mtu, akainama.

"Soma basi!" mtoto mmoja akasema nyuma. Vicheko vikaanza. Khi khi khi!

Kindi alikuwa mstari wa mbele. Akanyanyua shingo, akanong'ona haraka, "Wapendwa wazazi wetu... Wapendwa wazazi..."

Kifaru akamsikia. Akajua ni sauti ya nani. "Hata wewe unanicheka?" akasema.

Akageuka, akapita katikati ya wazazi, akatoka. Mama Kifaru aliangalia mikono yake, kisha akainuka taratibu, akamfuata mwanawe. Twiga ndiye aliyeyasoma maneno yale mpaka mwisho.

Njiani kurudi nyumbani Mama Kindi hakucheka. Walitembea kimya, jambo ambalo halijapata kutokea katika ukoo wa Kindi. Hatimaye mama akauliza, "Ni kwa sababu ya yale uliyonisimulia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikacheka," akasema Mama Kindi.

Kindi hakungoja chakula. Alitoka mbio kwenda kwa akina Ngiri. Tika-tika-tika! Alikuwa ameyapanga maneno: nitamwita nje, nitamwambia Kifaru hakusema chochote, anipige akitaka.

Akafika. "Hodi! Hodi hapa!"

Hakuna aliyejibu. Shimo lilikuwa tupu, limefagiwa. Kanga mzee wa jirani alikuwa akidonoadonoa pale nje.

"Shikamoo, bibi. Akina Ngiri wako wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamehama. Huku mizizi imekwisha, wanakwenda ng'ambo ya mto. Walikuwa wakimngoja mtoto afunge shule tu. Yule mtoto leo hata salamu hakuitikia vizuri. Ana nini?"

Kindi alikuwa ameshaondoka. Safari hii alikimbilia kwa akina Kifaru. Alimkuta Kifaru amelala kwenye vumbi, uso umeelekea mti.

"Kifaru."

"Ondoka."

"Ngiri hakusema yale."

"Ondoka, Kindi. Sina nguvu ya michezo yako."

"Hakusema! Nilisema mimi. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na yeye. Sikutaka kulima. Nilitaka mshindane ili mnilimie."

Kifaru akanyanyua kichwa. Kwa muda mrefu alisikilizia, kama anayepima sauti ya yule aliye mbele yake, maana uso hakuuona vizuri.

"Lile la jiwe lililovaa sare?"

"Ni langu."

"Ulijuaje kuwa ndilo litakaloniuma?"

"Nilikuwa nakaa mbele yenu. Nilikuwa nawasikia kila siku."

Kifaru akafumba macho. "Lakini lile la kutokuona alilisema mwenyewe."

"Alilisema mwenyewe. Lakini hasira nilimpa mimi. Nilimwambia wewe umesema anajificha nyuma yako."

"Mimi?" Kifaru akasimama ghafla, vumbi likaruka. "Mimi nimesema hivyo juu ya Ngiri? Na aliamini?"

"Kama wewe ulivyoamini."

Kifaru akauliza, "Yuko wapi?"

"Wanahama. Wanavuka mto leo."

"Panda," akasema Kifaru.

Kindi akaruka mgongoni, akashika sikio. Kifaru akaondoka, gu-du-gu-du-gu-du! Nchi ikatikisika.

"Kushoto! Mgunga huo! Kulia, kulia! Jiwe! Ruka!"

Kifaru akageuka alipoambiwa, akaruka alipoambiwa. Matawi yakavunjika, kwacha! Kindi alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, na kila alipoongoza Kifaru alifuata, kwa kuwa hakuwa na macho mengine.

Kabla hawajafika waliusikia mto. Vuuuuu! Huko juu milimani mvua zilikuwa zimeanza. Maji yalikuwa yameshuka, mekundu, mapana, yanabeba magogo. Mahali pa kuvukia palikuwa pamezama.

Kifaru akasimama, maji yakimlamba miguu. "Wamevuka?"

"Wamevuka."

"Unawaona?"

Kindi akapanda mpaka ncha ya pembe. Ng'ambo, kwenye mteremko, msafara wa ngiri ulikuwa ukienda, baba mbele, watoto katikati, mikia yote juu. "Nawaona. Yeye ni wa mwisho."

"Ngiriii!" Kifaru akanguruma. "Ngiriii!"

Vuuuu, mto ukajibu.

"Nisamehe, Ngiri!" Kindi akapiga kelele kwa kisauti chake. "Ni mimi! Ni mimi niliyesema!" Sauti haikufika hata katikati ya maji.

Kifaru akanguruma tena, mara hii mpaka ndege wakaruka mitini. Ng'ambo kule, wa mwisho akasimama. Akageuka.

"Amegeuka!" akasema Kindi. "Ametuona! Anashuka!"

"Anashuka? Anakuja?"

"Amefika kwenye maji. Amesimama."

Kifaru akanyoosha shingo, akakaza macho yake yale mabovu. Mbele yake hakukuwa na kitu ila wekundu unaokwenda. "Anafanya nini?"

"Anafungua mdomo. Anasema kitu."

"Anasema nini?"

Wanangu, hapo ndipo ulimi wa Kindi ulipotaka kufanya kazi yake. Maneno mazuri yalimjia yenyewe, matamu, yameiva: anasema amekusamehe, anasema wewe ni ndugu yake, anasema atarudi. Kifaru angeyaamini. Angerudi nyumbani na moyo mweupe. Kindi akafungua mdomo.

Akaufunga.

"Sijui," akasema. "Simsikii."

"Anacheka au analia?"

"Ni mbali, Kifaru. Sijui."

"Lakini amesimama."

"Amesimama."

Wakakaa hivyo, wote watatu, huku wawili, kule mmoja, na maji yakipita. Kisha baba yake Ngiri aliita kutoka juu ya mteremko.

"Na sasa?" akauliza Kifaru.

"Sasa amegeuka," akasema Kindi. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye pembe ya mwenzake. "Anapanda. Anatazama nyuma. Anapanda tena."

"Na sasa?"

"Sasa simwoni."

Kifaru akashusha kichwa mpaka chini, Kindi akateremka. Kifaru hakumkanyaga, hakumtukana. Alisema tu, "Nitarudi mwenyewe, njia naijua kwa harufu." Akaenda taratibu, akigusagusa miti kwa bega.

Mvua zikanyesha mwaka ule, maboga yakazaa, watoto wapya wakala wakanyamaza. Akina Ngiri hawakuonekana tena upande huu. Kifaru na Kindi walisalimiana kila walipokutana, "Hujambo," "Sijambo," na salamu iliishia hapo. Hadithi yangu nami naitua hapa, wanangu, na mzigo wake ni huu:

Neno la fitina hata aliye mdogo kuliko wote aweza kulitupa, lakini hata kifaru hana nguvu za kulirudisha.